Majani ya Kinu cha Kemuma

Hezron Otiende alikula akiwa amesimama. Syprose, mkewe, alikuwa amezoea kumwekea sahani juu ya kabati badala ya mezani, kwa kuwa mezani ugali ungepoa huku mwenyewe akienda mlangoni, akirudi, akienda tena kutazama mawingu. Kanisani, pale kilimani Nyanchwa, alikaa benchi la mwisho, na kabla mahubiri hayajafika katikati alikuwa ameshatoka nje mara mbili. Majirani walidhani anaumwa tumbo. Hakuwa na ugonjwa wowote. Kila mahali alipokuwa palimwasha tu, kama shati lililoshonwa kwa gunia.

Alizaliwa kando ya ziwa, upande wa Kendu Bay. Alipofika umri wa miaka thelathini na minne, mwaka wa 1952, alikuwa amefanya kazi relwe Kisumu, amekata mkonge, amepima pamba, amelinda mizigo bandarini, na amekaa mwaka mmoja nyuma ya meza ya duka la nguo. Hakufukuzwa popote. Aliamka siku moja na kuona ametosheka. Kila mara Syprose alifunga sufuria ndani ya blanketi, akajitwika cherehani kichwani, akamfuata. Mara ya tano walifika Kisii wakapata nyumba ya udongo chini ya kilima cha Nyanchwa. Watoto watatu wakaandikishwa shule, na wanawake wa kanisani wakaanza kuleta nguo za kushonwa.

Jumapili moja asubuhi, alipokuwa akimkata mtoto kucha, Syprose alisema bila kuinua uso, "Baba Aluoch, safari hii cherehani nimeiweka chini. Sitaibeba tena. Wewe ukihama, hama na sahani yako."

Otiende alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha. Syprose alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja.

Kwa hiyo kazi aliyoipata mwezi uliofuata haikuwa kazi kama zile nyingine. Aliajiriwa kwa majaribio kuwa mlinzi wa samaki, chini ya Mzungu mmoja mrefu ambaye watu walimwita Bwana Samaki. Mzungu huyu alitaka kutia samaki wageni, trauti, katika vijito baridi vya milimani. Lakini wazee wa huko juu walikuwa wamesikia kwamba serikali inataka kufuga nyoka kwenye maji yao ya kunywa. Akaona ni afadhali wawaone samaki hao kwa macho kwanza. Akaagiza tangi la kioo lenye fremu ya chuma, refu kama kitanda cha mtoto, likaletwa kwa lori likiwa limezungushiwa magodoro.

Trauti hawaishi katika maji yaliyolala. Wanataka maji baridi yanayokwenda kwa nguvu mchana na usiku. Maji ya namna hiyo chini ya paa yalipatikana mahali pamoja tu, mbele ya soko la Birongo, katika kinu cha kusagia nafaka cha Bathsheba Kemuma.

Kemuma alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu. Marehemu mumewe alikuwa amechimba mfereji kutoka kijitoni, maji yakaja kusukuma gurudumu, na gurudumu likazungusha jiwe la kusagia wimbi. Nyumba ya kinu haikuwa na dirisha hata moja, ili upepo usipeperushe unga. Ukiingia kutoka juani ulisimama kwanza, ukangoja macho yako yakufuate. Humo ndimo tangi liliwekwa, ukutani. Bomba lilichota maji ya mfereji na kuyatupa ndani kwa kasi, yakatokea upande wa pili kupitia chujio la waya, yakarudi nje.

Waliletwa samaki kumi na wawili, kila mmoja mrefu kama kidole cha kati. Siku ya kwanza walikimbia huku na huku wakijigonga kwenye kioo, wakapigana na mkondo bila mahali pa kupumzika. Mmoja alikufa kabla ya jioni. Bwana Samaki aliwatazama, akasema wanahitaji maficho na kivuli. Tangi litiwe majani, majani hai, siyo matawi ya kukatwa. Angerudi baada ya majuma sita pamoja na chifu na wazee. Akikuta samaki wako hai na majani yako hai, Otiende ataandikwa kazi ya kudumu. La sivyo, atatafuta mtu mwingine. Ni majani gani, hakusema. Pengine hakujua.

Otiende hakuuliza. Yeye ni mtu wa ziwa. Nani angemfundisha majani ya majini? Kesho yake alipanda basi kwenda nyumbani kwao, akaingia maji ya magotini mahali alipokuwa akiogelea utotoni, akajaza madebe mawili. Alichukua yungiyungi wenye maua meupe. Alichukua majani yale yanayoelea kama kabichi ndogo, na yale membamba, laini, yanayofanana na mkia wa paka. Alipoyatia katika tangi yalipendeza kiasi kwamba aliita watu waliokuwa wamepanga foleni ya kusaga waje waone.

Yalipendeza siku tatu. Kabichi za maji zilisukumwa zote pembeni, zikarundikana kwenye chujio, zikaanza kuoza. Yungiyungi walirefusha shingo kutafuta jua ambalo halikuwepo, majani yao yakawa ya manjano, kisha meupe kama mtu aliyelazwa hospitali muda mrefu. Mikia ya paka ilikatikakatika katika mkondo, vipande vikaziba waya, na Alhamisi adhuhuri tangi lilifurika likamwaga maji juu ya unga wa mama mmoja aliyekuwa ametembea tangu alfajiri. Samaki wawili walitoka na maji hayo. Walipatikana chini ya gunia, wamekauka upande mmoja.

Kemuma alimfariji mwenye unga, akampa wimbi lake mwenyewe. Halafu akamgeukia Otiende.

"Omogere," alisema, maana ndivyo Wakisii wanavyomwita Mjaluo, na kwake lilikuwa nusu jina na nusu kijembe. "Hii majani yako imezoea kuota jua kama mamba. Hapa kwetu itakufa na baridi."

"Mama, majani ni majani."

"Mke ni mke? Mwambie hivyo Syprose."

Kemuma hakuwahi kumwona Syprose, lakini alijua habari zake zote. Otiende, akitembea kutoka tangini hadi mlangoni na kurudi, alikuwa ameshamsimulia maisha yake yote, pamoja na habari ya cherehani.

Jaribio la pili lilikuwa la Kemuma. Yeye alikuwa mkulima, na mkulima wa Kisii haoni mmea bila kuuliza umekula nini. Kosa, alisema, ni kwamba majani yale hayakuwa na udongo. Akaleta karai la udongo mweusi kutoka chini ya migomba yake, akachanganya na samadi ya zamani, akautandaza chini ya tangi unene wa kiganja. Wakapanda nyasi za kando ya mto, moja moja kwa mstari, kama wanavyopanda vitunguu. Kemuma aliimba wimbo wa kanisani akipanda. Otiende naye alishika nyasi, akitamani kuwa mahali pengine.

Maji yalipofunguliwa, mkondo ulilima shamba lile lote kwa dakika chache. Tangi likawa kama chai ya maziwa. Kesho yake samaki walikuwa juu, midomo nje, wakinywa hewa, na harufu ya zizi ilijaa kinu. Waliwatoa kwa kikapu wakawaweka mferejini, kikapu kikiwa kimefungwa kwa kamba, huku wakilichota tangi kwa kibuyu hadi kioo kikaonekana tena. Walibaki samaki saba. Siku zilizobaki zilikuwa ishirini na tisa.

Jioni ile alisukuma baiskeli yake hadi Nyanchwa bila kuipanda hata pale palipo tambarare. Alikuwa na ile hali aliyoijua, ya miguu kuanza kuondoka kabla ya mwenyewe. Mtu mmoja alikuwa amemwambia kwamba kampuni fulani huko Kericho inatafuta wasimamizi wa barabara. Alifika nyumbani akamkuta Syprose ameshona gauni la shule la Aluoch, kubwa kuliko mtoto, lenye pindo nene la kushushwa mwaka ujao na mwaka wa baada yake. Alilitazama pindo lile. Habari ya Kericho ikaishia hapo.

Asubuhi alirudi kinuni, akamwambia Kemuma kwamba atakwenda kila mto kuanzia Nyacheki hadi Nyamira, achukue kila jani analoliona, alete yote, moja halitakosa kuishi.

Kemuma alikuwa akipepeta wimbi. Aliendelea kupepeta mpaka akamaliza ungo.

"Sisi kijana akitaka kuoa," alisema, "hatuendi sokoni kuchukua msichana ambaye anang'aa. Tunatuma esigani. Huyo mshenga anaenda kwa kina msichana na anakaa. Anaangalia hiyo nyumba inaishi namna gani. Kama unataka mke wa kukaa na shida, unatafuta mahali shida iko, unaona nani amelelewa huko na amenona. Wewe umeoa mara mbili bila esigani."

Otiende alisimama mlangoni. Nje kulikuwa na jua, ndani giza, na maji yalikuwa yakilia kwenye bomba.

"Giza na maji ya nguvu," alisema.

"Iko huko juu, kwa maporomoko. Umepita hapo mara ngapi?"

Alikuwa amepita mara nyingi. Ilikuwa njia yake ya ulinzi.

"Umepita," Kemuma alisema. "Esigani hapiti. Esigani anakaa. Acha viatu hapa."

"Viatu vya nini?"

"Huko kuna upupu kila upande. Bila viatu utakaa."

Watu wa foleni walicheka, naye akacheka, lakini Kemuma alikuwa amenyoosha mkono. Akavua viatu vyake vya kazi, akampa, akapanda kijito akiwa peku, akikanyaga mawe ya majini tu.

Maporomoko yenyewe ni madogo. Kijito kinajibana kati ya miamba miwili, kinaanguka urefu wa mtu, na miti imeinamiana juu yake hata mchana unafika kwa vipande. Otiende alipata jiwe, akakaa. Aliinuka mara tatu katika saa ya kwanza. Mara ya tatu upupu ulimpata kwenye kifundo cha mguu, akarudi jiweni akilaani na kupuliza. Baada ya hapo alikaa kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Kwa muda mrefu aliona maji tu. Kisha akaona kwamba yale aliyodhani ni mawe meusi hayakuwa meusi. Pale mkondo ulipokuwa mkali kuliko pote palikuwa na kangaga wa kijani kizito, majani yake yamechanwa kama kitana, yakilala na maji na kuinuka tena bila kukatika. Aliingiza mkono. Majani yalitoka kwenye shina nene kama kidole, shina lililotambaa juu ya uso wa jiwe, na vijizizi vyake, vyembamba kama nywele, vilikuwa vimelishika jiwe lile kama mtoto anavyoshika shingo ya mama yake. Alivuta. Hakikutoka kitu. Akatafuta udongo chini yake kwa ncha ya kucha, hakupata hata chembe. Kwenye gogo lililozama kulikuwa na manyoya mafupi ya kijani, laini, yameota gogo zima. Kandoni, pale panaporukiwa tu na maji, kulikuwa na mmea mwingine wa majani mapana, magumu kama ngozi ya kiatu, nao pia ulikuwa umetambaa juu ya mwamba.

Aliangalia pia yasiyokuwepo. Hapakuwa na nyasi. Hapakuwa na kitu kinachoelea, wala ua. Saa sita jua lilipita kwenye upenyo wa miti, likaangukia maji kwa ukubwa wa sinia, likaondoka. Hilo ndilo jua lote walilolipata.

Jioni alishuka na mawe manne ndani ya kikapu, kila jiwe na wakazi wake, yamefunikwa kwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa, na kipande cha gogo begani. Kemuma alimrudishia viatu, kisha akaja na udongo kiganjani.

"Tufunike mizizi kidogo tu."

"Mama, kule kwao hakuna udongo."

"Hata maskini analala na blanketi, Omogere."

Alikataa. Akayapanga mawe pale bomba linapopiga, gogo nyuma yake, akafungua maji. Kangaga walilala, wakainuka. Samaki saba walizunguka mara moja, kisha wakapotea nyuma ya jiwe, na kwa mara ya kwanza hapakusikika mlio wa vichwa vyao kwenye kioo.

Shida ilikuwa vile vipande vilivyobanduka njiani. Alivifunga kwenye mawe kwa nyuzi za mgomba, maji yakazifungua. Akafunga tena, zikafunguka. Ndipo akaenda kumwomba Syprose uzi. Syprose alitaka kujua uzi wa nini. Alipoelezwa, akachukua kibunda cha uzi mweusi wa makoti, akasema atakwenda kufunga mwenyewe, maana mafundo ya Otiende anayajua.

Jumapili alimpakia kwenye baiskeli hadi Birongo. Kemuma alimsalimu kwa mikono miwili na kumwita mkamwana, kana kwamba Otiende alikuwa mwanawe. Wanawake hao wawili waliongea Kiswahili chao cha milimani na cha ziwani, wakielewana vizuri kuliko Otiende alivyotaka. Syprose alipandisha mikono ya gauni, akafunga kila shina kwa fundo analotumia kwenye vifungo vya koti, akiacha mizizi iguse jiwe.

"Vitashika lini vyenyewe?" aliuliza.

"Sijui. Majuma matatu. Labda miezi."

"Basi ngoja," Syprose alisema, akakata uzi kwa meno.

Katika kungoja huko jambo moja tu lilitokea. Shina mojawapo, la nyuma kabisa, lilianza kuwa jeusi na laini, likanuka. Otiende alihangaika siku mbili akidhani ni ugonjwa utakaowamaliza wengine. Hatimaye Kemuma aliingiza mkono, akalitoa. Lilikuwa limezikwa ndani ya kitambaa kilichojaa udongo na samadi.

"Huyu nilimzika mimi," alisema. "Nilimwonea huruma." Akaenda kulitupa kwenye migomba. Wale wengine, wasio na kitu miguuni, walikuwa wanatoa majani mapya yaliyojikunja kama konokono.

Siku ilipofika, Bwana Samaki aliingia na chifu na wazee sita. Walijaza mlango, na mwanga mdogo uliokuwepo ukaisha. Mzungu alitoa tochi akamulika tangi. Palikuwa na kijani kila mahali, kikicheza na maji. Samaki hakuonekana hata mmoja.

Otiende alihamia kulia, akahamia kushoto. Akagonga kioo kwa kidole. Akachungulia nyuma ya gogo, akapiga hatua mbili, akarudi. Mzee mmoja alisema kwa upole kwamba serikali imefanya vizuri, imewaletea mboga, na wenzake wakaguna kwa kicheko. Bwana Samaki hakucheka. Alimtazama Otiende kwa namna ambayo Otiende aliijua kutoka kwa mabwana wengine, ingawa siku zile yeye ndiye aliyekuwa anatangulia kuondoka. Mlangoni, nyuma ya mabega ya wazee, Syprose alikuwa amesimama, amemshika mtoto mkono.

"Omogere, kaa," alisema Kemuma.

Hakukaa. Alikuwa bado anatafuta upande wa kwenda.

"Samaki anaogopa mwenye kutembea. Kaa chini." Kisha, kwa sauti ile ile, akamwambia Mzungu, "Na wewe Bwana, zima hiyo taa. Iko gunia hapo."

Bwana Samaki alizima tochi. Alikaa juu ya gunia la wimbi, magoti yakafika karibu na kidevu. Wazee walichuchumaa. Otiende alikaa juu ya jiwe la zamani la kusagia, akashika magoti yake kwa mikono miwili kama anayezuia kitu kisiondoke. Alihisi kisigino chake cha kulia kinaanza kudunda, akakikanyaga kwa cha kushoto. Alikumbuka upupu. Alitazama pale kangaga walipolala na kuinuka, akawa anapumua pamoja nao, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya na pumzi yake.

Walikaa hivyo kwa muda ambao baadaye kila mtu aliusimulia tofauti.

Kwanza ulitoka mdomo. Kisha samaki mzima, mwenye madoa ubavuni, amekua kuliko alivyoletwa, akasimama mbele ya jiwe uso wake ukielekea maji yanakotoka, bila kusonga mbele wala nyuma, mkia tu ukifanya kazi. Akatoka wa pili. Walipofika saba, chifu alikohoa, wote wakapotea, na wazee wakamkemea chifu wao kwa ulimi, tsk, wakangoja tena.

Mzee wa mboga aliuliza kama wanaliwa. Aliambiwa ndiyo, lakini siyo mwaka huu.

Otiende aliandikwa kazi pale pale, karatasi ikiwa juu ya gunia. Trauti wale walitiwa kijitoni kabla ya mvua ndefu. Wako waliosema wamewaona karibu na maporomoko, na wako waliosema wameliwa na mamba. Huko hakuna mamba. Tangi lilikaa kinuni miaka miwili zaidi, likiwa na majani bila samaki, mpaka kioo kilipopasuka, na Kemuma akawarudisha kangaga mtoni jiwe baada ya jiwe, maana hakutaka wafe ugenini.

Otiende alilinda vijito vya Kisii na Nyamira mpaka alipostaafu. Alitembea sana, akamaliza viatu vingi. Siku nyingine, miguu ilipomzidi, alipita kwa Kemuma na kumwachia viatu bila kuambiwa, akapanda maporomokoni. Nyumba haikuhama. Aluoch, binti yao wa kwanza, alivaa gauni lile mpaka pindo likaisha. Miguu ya cherehani ya Syprose ilichimba mashimo manne kwenye sakafu ya udongo karibu na dirisha, na walipokuja kupiga saruji miaka mingi baadaye, fundi aliambiwa aizungukie.

Sahani ya Otiende iliendelea kuwekwa juu ya kabati.